Waya wa nitinoli: piga hesabu ya asilimia kabla ya kuupasha moto

Mafundi na wanafunzi wanaonitafuta kuhusu waya wa nitinoli, ule unaorudi kwenye umbo lake la awali ukipashwa moto, karibu wote huanza na swali lile lile: niupashe moto kiasi gani? Mimi huwauliza kwanza wameukunja au kuuvuta kiasi gani. Hapo ndipo panapoamua kama waya utarudi kwenye umbo lake au utaishia njiani.

Lawama ya kutojiuliza hivyo naitupia ile hadithi ya 1961. Katika kikao cha maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani, kipande cha aloi hii, yaani mchanganyiko wa metali za nikeli na titani, kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mkono kwa mkono, na David Muzzey, mmoja wa viongozi waliokuwamo, akakisogezea moto wa kiberiti cha gesi. Kikajinyoosha chenyewe. Tangu hapo watu wameamini kwamba nitinoli husamehe lolote ulitendalo. Haisamehe kila kitu. Ina kikomo, na kikomo chenyewe kinapimika.

Ikiwa baridi, fuwele zake huwa katika hali iitwayo martensaiti, zimepangana kwa kuinamiana huku na huku. Ukiuvuta waya, zinainama upande mmoja kama abiria wa daladala kwenye kona: wote wameegemea, lakini kila mtu yuko kwenye kiti chake. Ukiupasha moto, zinageuka kuwa ostenaiti, ambayo ina mpangilio mmoja tu, na umbo la awali linarudi. Ukivuta kupita kikomo cha kuinama huko, tabaka za atomu zinateleza na kuhama mahali pake. Kilichohama hivyo hakirudi, hata uongeze moto namna gani. Ndiyo maana ushauri wa “ongeza joto kidogo” huwa naukataa mara moja: joto la kupita kiasi linaharibu hata kumbukumbu iliyobaki.

Sasa tarakimu. Kwa mara moja au mara chache, nitinoli nzuri inaweza kurejesha urefukaji wa hadi asilimia 8 hivi ya urefu wake. Waya wa chuma wa kawaida hubaki umerefuka bila kurudi kabla hata ya kufika asilimia 1. Lakini ukitaka waya ufanye kazi maelfu ya mara, usizidishe asilimia 4, na mimi hupenda 3. Maana yake waya wa milimita 100 utakupa mwendo wa milimita 3 au 4 tu. Hapo wengi huvunjika moyo, kumbe dawa ipo: tumia wenzo, au nunua waya uliosokotwa kuwa springi. Springi inatembea mbali ilhali waya wenyewe unajipinda kidogo tu katika kila mzunguko.

Kwenye kukunja ndiko watu wanakoumia bila kujua, kwa sababu hawaoni kitu kikirefuka. Upande wa nje wa kona unavutika, wa ndani unabanwa. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya unene wa waya kwa jumla ya kipenyo cha kitu unachozungushia na unene huo huo. Chukua penseli ya milimita 7. Waya wa milimita 0.25 ukizungushwa hapo unapata 0.25 kugawa kwa 7.25, yaani asilimia 3.4. Salama. Waya wa milimita 1 kwenye penseli hiyo hiyo unafika asilimia 12.5, umekwisha. Huo unahitaji kitu cha milimita 24 ndipo ubaki kwenye 4. Na koleo lenye ncha kali usilisogeze kabisa.

Jambo jingine: waya wa kawaida wa aina hii hukumbuka umbo la moto tu. Ukipoa haurefuki wenyewe, lazima kitu kiuvute, uzito au springi ya chuma. Chagua springi isiyouvuta kupita ile asilimia yako. Pia usiufungie mahali usipoweza kusogea kisha ukaupitishia umeme ili upate moto. Waya uliozuiwa hujenga nguvu kubwa mno, na kama kifungio hakikung'oka, waya wenyewe ndio unaoharibika. Mimi huweka springi ya akiba kwenye mfululizo, mzigo ukikwama ibonyee yenyewe.

Waya mpya upashe moto na kuupoza mara kadhaa chini ya mzigo utakaoubeba kabla ya kukata vipimo vya mwisho, kwani mizunguko ya mwanzo huacha urefu kidogo usiorudi, kisha waya unatulia. Miisho yake ibane kwa kishikio cha chuma au skrubu. Risasi ya kuunganishia haishiki vizuri juu ya oksidi ya titani, na moto wa pasi ya kuyeyushia risasi hiyo unakwenda kuharibu sehemu ile ile itakayobeba mzigo.