Anza na kamba, ufito uje mwisho

Kwa muda mrefu nilivua ufukweni nikingojea samaki kwenye ndoano tupu, na sikujua. Kamba hai wa chambo, niliyemtoa kwenye ndoo akirusha mkia, alikuwa anang'oka angani wakati wa kurusha, au anafika majini amebaki kichwa. Nililijua hilo siku niliyoamua kuvuta mshipi mara tu chubwi, yaani risasi ya kuuzamisha, lilipotua, mara tano mfululizo, kutazama tu. Mara nne hapakuwa na kitu.

Tangu siku hiyo nimegeuza mpangilio wote wa kuchagua vifaa. Wengi huanza na ufito wa kuvulia na rili ya kukunjia mshipi, kisha mshipi, halafu risasi, na ndoano huwa kitu cha kuokota mwishoni. Mimi naanza na kamba mwenyewe. Ana ukubwa gani? Nitamchoma wapi? Ndoano gani itambeba bila kumuua, na risasi ndogo kiasi gani itamtuliza pale ninapomtaka? Nikishajibu hayo, ufito unajichagua wenyewe, maana kazi yake ni kuvirusha vyote hivyo kwa upole.

Mtazame kamba kabla ya kumchoma. Kichwani, chini kidogo ya ule mwiba wake, utaona doa jeusi kupitia ganda. Hapo ndipo uhai wake ulipo, na ndoano ikipita hapo atakufa dakika hiyo hiyo. Ukipitisha ncha mbele ya doa, chini ya mwiba, ataishi muda mrefu na kutembea kawaida. Shida ni kwamba ganda la hapo ni jembamba na mrusho wa nguvu unalipasua. Kwa hiyo namchoma kichwani ninapovua karibu, au maji yakiwa yametulia. Ninapotaka kurusha mbali naenda mkiani: nakata zile pezi za mwisho kwa kucha, naingiza ncha ya ndoano katika nyama pale nilipokata, naitoa chini baada ya sentimita moja hivi. Nyama ya mkia inashika vizuri kuliko ganda la kichwa, na ile sehemu iliyokatwa inatoa harufu ambayo samaki huifuata.

Ndoano lazima iwe ya waya mwembamba. Ndoano nene inamtoboa kamba tundu kubwa, inamlemea, na anabaki amelala chini kama kipande cha plastiki. Kwa kamba wa urefu wa kidole natumia namba 1 au 1/0. Akiwa mkubwa zaidi, 2/0. Anayeanza akumbuke kwamba 1/0 ni kubwa kuliko 1, na 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Umbo ninalolipenda ni la duara, ambalo ncha yake imekunjwa kuelekea kwenye shina. Hunasa pembeni mwa mdomo wa samaki, mara chache sana tumboni, na samaki mdogo unaweza kumrudisha majini akiwa mzima. Ila inataka mkono uliotulia. Ukihisi mguso usinyanyue ufito kwa nguvu, kwa sababu utaichomoa ndoano mdomoni. Mwache samaki aondoke na chambo, mshipi ukaze, kisha zungusha rili bila papara. Kuacha tabia ya kuvuta ghafla kulinichukua muda kuliko jambo lingine lolote katika uvuvi huu, na kila mara mazoea yalipoponyoka nilimpoteza samaki.

Sasa mfungo, yaani namna ya kuunganisha mshipi, chubwi na ndoano. Ninaotumia zaidi ni ule wa chubwi linaloteleza. Mshipi mkuu unapita ndani ya chubwi la umbo la yai lenye tundu, kisha ushanga, kisha unafungwa kwenye kipingili kinachozunguka, kile kichuma kidogo kinachozuia mshipi kusokotana. Upande wa pili wa kipingili nafunga mshipi wa mbele, sentimita 40 hadi 60, wenye ndoano. Ushanga si pambo: bila huo chubwi hugonga fundo kila wimbi linapopita, na fundo likichoka linakatika siku ya samaki mkubwa. Uzuri wa mfungo huu ni kwamba samaki anapomwokota kamba na kuondoka, mshipi unateleza ndani ya chubwi naye hahisi uzito. Kamba naye ana nafasi ya kutembea.

Mfungo huu una mipaka, na nimeiona kwa macho yangu. Mawimbi yakichafuka, chubwi la yai hubingirika hadi ufukweni, na ule mshipi wa mbele mrefu unajizungusha kwenye mshipi mkuu hadi kamba anakuwa amefungwa kama mzigo. Hapo nabadilisha mambo mawili. Chubwi linakuwa la piramidi, linalozama mchangani kwa ncha yake, nalining'iniza kwenye kipete kinachoteleza badala ya kulitoboa katikati. Na mshipi wa mbele naufupisha hadi sentimita 20 au 30. Kamba anapoteza uhuru kidogo, lakini anabaki pale nilipomweka.

Mkondo ukizidi hata piramidi litaburuzwa. Kuna machubwi yenye miguu ya waya inayoshika mchanga na kukunjuka unapovuta. Yanasaidia sana, lakini ukijikuta unayahitaji jiulize kwanza kama kamba hai ndiye chambo cha siku hiyo. Katika maji ya namna hiyo anapigwa na kufa haraka, na kipande cha chambo kigumu zaidi kingekufaa.

Mfungo wa pili ni ule wenye chubwi mwishoni kabisa na tawi fupi juu yake, sentimita 10 hadi 15, lenye ndoano. Ninautumia penye kaa wengi, kwa sababu unamnyanyua kamba kutoka chini. Wengi hufunga matawi mawili. Kwa kamba hai mimi nafunga moja tu. Wawili huzungukana na kusokotana, na muda unaoupoteza kufumua ungekuwa umeshavua. Boya nalo lina siku zake, zile ambazo maji yamelala kama ya bwawa. Penye mawimbi linarudi miguuni pako.

Kuhusu uzito wa chubwi nina msimamo, na sijaona sababu ya kuubadili: chukua dogo kabisa linaloweza kutulia. Bahari ikiwa shwari naanza na gramu 20 hadi 30. Likisogea napanda hadi 60, kisha 85 hivi, na mara chache nazidi hapo. Na kabla ya kuongeza risasi naangalia unene wa mshipi, kwa sababu mawimbi na mkondo havisukumi chubwi peke yake. Vinasukuma mshipi wote ulio majini. Uzi wa kusukwa ni mwembamba sana kuliko nailoni ya nguvu ile ile. Nilipohamia huo niliweza kupunguza risasi, na risasi ilipopungua mrusho ukawa laini, na kamba wangu wakaanza kufika wazima. Badiliko hilo moja lilinisaidia kuliko ufito mpya.

Uzi wa kusukwa hautanuki, kwa hiyo mbele yake unganisha mita kadhaa za nailoni nene ya kupokea kishindo cha kurusha. Kanuni ya zamani ya wavuvi wa ufukweni ni kilo 4.5 za nguvu, yaani uzito ambao mshipi unauhimili bila kukatika, kwa kila gramu 28 za risasi. Chubwi la gramu 85 linataka nailoni ya kilo 13 na nusu au zaidi. Usiipuuze: mshipi ukikatika katikati ya mrusho, kipande kile cha risasi kinaweza kumjeruhi vibaya mtu aliye karibu.

Mshipi wa mbele nauchagua wa fluorokaboni, aina ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, nguvu ya kilo 7 hadi 9. Hauonekani kirahisi majini na unavumilia kusuguliwa na mchanga na makombe. Ukiwa mzito kupita hapo unakuwa mgumu na kumzuia kamba kuogelea. Samaki wenye meno makali wataukata, ni kweli. Hata hivyo situmii waya mpaka nikatwe mara mbili au tatu, kwa sababu waya unapunguza sana kuguswa.

Kabla ya ufito, panda mahali pa juu maji yakiwa yamekupwa uitazame pwani. Mawimbi yanavunjikia juu ya fungu la mchanga. Kati ya fungu hilo na ufuko kuna mfereji wenye maji ya rangi iliyokoza zaidi, na samaki wengi wanaotafuta kamba hupita humo. Mara nyingi mfereji wa kwanza hauko mbali kabisa. Nimewaona wavuvi wakiingia hadi kiunoni, wamesimama pale pale samaki wanapolisha, wakirusha kwa nguvu zote kwenda kule ng'ambo.

Kwa mfereji wa karibu ufito wa mita 2.4 hadi 2.7 wenye ncha laini unatosha, pamoja na rili ya ukubwa wa kati, namba 4000. Ufito wa mita 3.3 na zaidi una faida nyingine, ya kuuweka mshipi juu ya mawimbi yanayovunjika, na ndiyo sababu naubeba bahari ikiwa na nguvu. Ncha laini ndiyo nisiyoiachilia. Ufito mgumu unamchapa kamba kama mjeledi. Rusha kwa mzunguko mpana wa pole, chubwi likianza nyuma yako likiwa limetulia, na uzi uuguse kwa kidole kabla ya kutua ili kamba asipigwe juu ya maji.

Haya yote hayana maana kama kamba wamechoka ndoo ikiwa bado ufukweni. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na hicho ndicho kinachowaua. Weka ndoo kivulini, tumia kipampu kidogo cha hewa, usijaze kamba kupita kiasi, na badilisha maji kidogo kidogo kwa maji ya bahari. Barafu ikiwa ndani ya chupa iliyofungwa ni sawa. Ikiyeyukia ndani ya ndoo, maji baridi yasiyo na chumvi yatawamaliza.

Wanaokufa siwatupi. Nawatenga kwenye kitambaa chenye unyevu, nawamenya, na jua likishapanda nafunga ule mfungo wa tawi kwa ndoano ndogo zaidi. Hapo sasa matawi mawili ni sawa, maana mfu hamsokoti mwenzake.