Swali la Lugha: Vumbi, chembe au erosoli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri kijitabu cha sayansi ya anga kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Niliandika "vumbi la angani", mwenzangu akabadilisha kuwa "chembe za hewa", mhakiki akakata yote mawili akaweka "erosoli". Tumebaki tunatazamana. Tena, ni chembe "zinazoelea" au "vinavyoelea"?

JIBU: Marahaba. Nianze na mwenzako, maana ndiye aliyeteleza zaidi. Chembe za hewa ni hewa yenyewe: oksijeni, naitrojeni na wenzao. Ninyi mnazungumzia wageni waliomo ndani yake, kwa hiyo ni chembe za hewani. Hiyo -ni ni silabi moja tu, lakini ukiiacha umesema kitu kingine kabisa.

"Vumbi" halina ubaya pale lilipo vumbi kweli, kama lile la Sahara linalopeperushwa hadi ng'ambo ya Atlantiki. Lakini vumbi kwetu ni kitu kikavu, hulipangusa, hulifagia. Sasa tazama mlima Pinatubo wa Ufilipino, uliolipuka Juni 1991. Majivu yake mengi yalianguka mapema. Kilichokawia huko juu, kwenye stratosfia (tabaka la anga lililo juu ya lile la mawingu ya mvua), ni vitone vya asidi ya salfuriki vilivyotokana na gesi ya salfa, na hivyo ndivyo vilivyorudisha sehemu ya mwanga wa jua hata dunia ikapoa kwa nyuzijoto 0.5 hivi mwaka uliofuata. Ukiandika "vumbi la volkano liliipoza dunia", mwanafunzi ataona majivu, nawe utakuwa umempotosha kwa neno moja.

Hata chumvi ya bahari imo katika hesabu hii. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa: bati la nyumba iliyo karibu na maji halidumu, huliwa na kutu. Viputo vya povu vikipasuka hurusha vitone vya maji ya chumvi, upepo ukavichukua, maji yakakauka ikabaki chembe. Mvuke huigandamia chembe kama hiyo, na tone la wingu huanzia hapo. Utaliitaje hilo vumbi?

"Erosoli", basi, mhakiki ana haki nayo. Kwa ukali wa sayansi ni chembe pamoja na hewa iliyozibeba, ingawa wataalamu wenyewe huziita hivyo chembe peke yake. Tabu ni kwamba wengi wakilisikia huwaza kopo la dawa ya mbu. Lifafanue mara ya kwanza, "erosoli, yaani chembe yabisi au vitone vinavyoelea hewani", kisha endelea nalo. Ila masizi yaache yaitwe masizi. Hayo hufyonza joto la jua, wakati vitone vya Pinatubo viliurudisha mwanga, na msomaji atahitaji kuvitofautisha.

Kuhusu ngeli: zinazoelea. Chembe ya mchanga, chembe za mchanga. Kinachowachanganya ni ndugu yake wa KI-VI, chembe cha mshale, wingi vyembe, na kile chembe cha moyo. Mimi kwa zile za maikromita 2.5, ambazo ishirini na zaidi zingejipanga ndipo zifikie unene wa unywele, hupenda "chembechembe". Na erosoli ibaki I-ZI: erosoli hii, erosoli hizi. "Maerosoli" nimeyaona mahali, yafuteni.