Skana inasikia, redio inakataliwa: kuingiza redio za kampuni moja kwenye mfumo wa tranki wa kampuni nyingine

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nahudumia redio za upepo za kikosi cha magari ya wagonjwa. Tuna redio za mkononi 40 za kampuni moja na zinafanya kazi vizuri kwenye mfumo wetu wa tranki (mtambo ndio unagawa chaneli kwa makundi) wa P25. Zimamoto jirani nao wana P25, ila mitambo yao ni ya kampuni nyingine. Wakubwa wamekubaliana tuingie kwenye makundi yao mawili ya mazungumzo wakati wa maafa. Nimepewa orodha ya masafa na namba za makundi, nikaziingiza kwenye redio moja ya majaribio. Skana ya ofisini, kwa orodha ileile, inasikia kundi la kwanza vizuri. Redio yenyewe inatafuta mfumo, inakwama, inaanza tena, na nikibonyeza PTT, kitufe cha kuongea, inatoa mlio wa kukataliwa. Kundi la pili hata skana haitoi kitu. Je, tatizo ni tofauti ya kampuni? Na naweza kusoma faili la redio yao nikalimwaga kwenye yangu?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nianze na kampuni: lebo iliyobandikwa kwenye redio haiendi hewani. P25 ni kiwango cha wazi cha redio za kidijitali, nyaraka zake ziko kwenye mfululizo wa TIA-102, na redio inayofuata kiwango hicho inaweza kuingia kwenye mtambo wa kampuni yoyote unaokifuata. Ulichopewa ni orodha ya msikilizaji. Kinachokosekana ni utambulisho na ruhusa.

Skana haimwombi mtu chochote, inasikiliza tu. Redio ya tranki inabisha hodi. Ukiiwasha, inashika chaneli ya udhibiti, ile ambayo mtambo unatolea maagizo, inasoma utambulisho wa mfumo unaotangazwa pale, na ukilingana na ulioandikwa ndani yake inatuma ombi la kujisajili pamoja na namba yake. Mtambo mkuu unaitafuta namba hiyo kwenye daftari lake, kisha unajibu: karibu, au hapana. Ukikaribishwa, redio inataja kundi inalotaka, nalo linakaguliwa. Hatua hizo zikipita ndipo PTT ina maana. Redio yako inakwama mlangoni.

Kwa hiyo rudi kwa msimamizi wa mfumo wa zimamoto umwombe mambo haya kwa maandishi: namba ya mtandao mzima, ambayo programu nyingi huiita WACN na ina tarakimu 5 za heksa (hesabu ya kumi na sita, inayotumia 0 hadi 9 na A hadi F), namba ya mfumo, tarakimu 3 za heksa, chaneli za udhibiti za kila mnara, za akiba zikiwemo, mpangilio wa chaneli, namba za makundi, na namba 40 za redio zilizotengwa kwa ajili yenu na kuingizwa kwenye daftari la mtambo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Namba inayotumika kwenye mfumo wenu kule kwao si kitu, na inawezekana kabisa tayari ni ya mtu mwingine.

Muulize pia kila namba imeandikwa kwa heksa au kwa desimali. Hapa nimepoteza saa nyingi za maisha yangu. Chukua mfumo wa kubuni wenye namba 348. Kwa heksa, ukiigeuza kuwa desimali ni 840. Programu yako ikiwa inasubiri desimali na wewe ukaandika 348, haitalalamika, maana 348 ni namba halali. Itaihifadhi kama 15C ya heksa, na redio itazunguka siku nzima ikitafuta mfumo 15C ambao haupo. Namba ingekuwa na herufi, tuseme 2D1, sehemu ya desimali ingeikataa palepale nawe ungeshtuka. Hatari ni zile zisizo na herufi. Makundi nayo ni hivyohivyo: 1F40 kwenye karatasi ya jirani ni 8000 kwenye skrini yako. Na zimamoto kama walihama kutoka mfumo wa zamani wa Motorola wa Type II, uliza tena, kwa sababu kule kundi moja liliweza kuandikwa 7D1 kwenye programu ya redio na 32016 kwenye orodha za skana. 7D1 ni 2001 kwa desimali, na orodha zile zilizidisha kwa 16.

Sasa kuhusu kumwaga faili la redio yao. Haiwezekani, na ingewezekana ningekukataza. Haiwezekani kwa sababu kiwango cha P25 kinaeleza kinachopita hewani na viungo vya mfumo, si kumbukumbu ya ndani ya redio. Namna kila kampuni inavyopanga kumbukumbu ndani ya redio ni siri yake, na programu ya kampuni moja haifungui faili la nyingine. Utaandika upya kwa mkono, ndiyo maana jedwali moja safi lililokubaliwa na pande zote mbili lina thamani kuliko kebo ya kuprogramu.

Ningekukataza kwa sababu ya namba ya redio. Nilipokuwa mgeni kazini nilipewa redio 12 nizitayarishe. Nikatengeneza faili moja, nikalinakili kwa zote, nikawa nabadilisha namba moja baada ya nyingine, na kwa haraka zangu mbili zikabaki na namba moja. Wiki kadhaa hakuna aliyegundua, kwa sababu maongezi ya kundi yalipita kama kawaida. Kisha moja ikaibiwa. Msimamizi akatuma amri ya kuizima hewani, ikazimika, na pacha wake naye akazimika mkononi mwa mlinzi wa zamu ya usiku. Yule mzee alidhani ni betri, akakesha akibadilisha betri. Tangu siku hiyo, nikimaliza kuprogramu, nazisoma redio zote upya na kulinganisha namba na kibandiko cha nyuma.

Kuna kufuli jingine utakalokutana nalo: ufunguo wa mfumo. Programu za kampuni kadhaa hazikuruhusu kuunda mfumo wa tranki wenye namba fulani mpaka uwe na faili au kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Mara nyingi muuzaji wa redio zako ndiye atakayekupa, ukimpelekea barua ya mwenye mfumo. Elewa kwamba kufuli hili liko kwenye kompyuta, halipiti hewani. Ndiyo maana mitandaoni utaona watu wakigawa funguo za kughushi, na redio inaweza hata kuanza kunong'ona na mtambo. Usifanye hivyo. Unaingia kwenye mfumo wa uokoaji bila namba iliyotengwa, na mtambo unaweka kumbukumbu ya kila ombi. Ulinzi wa kweli hewani ni uthibitishaji, ambapo mtambo unaipa redio swali na redio inajibu kwa ufunguo wa biti 128 uliohifadhiwa ndani yake. Wakiwa wameuwasha, redio zenu lazima ziwe na uwezo huo, na funguo zake ziingizwe kwao.

Tuseme sasa umesajiliwa. Jambo linaloweza kukusumbua baada ya hapo ni mpangilio wa chaneli. Mtambo haukwambii "nenda 854.00625 MHz". Unakupa namba ya chaneli, na redio inapiga hesabu: masafa ya kuanzia, jumlisha namba ya chaneli mara nafasi kati ya chaneli. Ukianza 851.00625 MHz na nafasi ya 6.25 kHz, chaneli 480 ni 854.00625 MHz. Ukikosea ukaandika nafasi ya 12.5 kHz, redio itaruka hadi 857.00625 MHz na kukuta kimya. Dalili yake haifichiki: redio imesajiliwa, mawimbi yamejaa, ila kila maongezi yanapoanza inapotea sekunde moja kisha inarudi. Redio nyingi husoma mpangilio huu moja kwa moja kutoka chaneli ya udhibiti. Zinazotaka uuandike mwenyewe, uandike kwa kalamu kwanza na upige hesabu ya chaneli mbili tatu unazozijua. Angalia pia upande wa kurusha: katika bendi ya 800 MHz redio hurusha 45 MHz chini ya masafa inayopokelea, katika 700 MHz ya Marekani hurusha 30 MHz juu.

Kundi la pili lililo kimya lina sababu tatu zinazowezekana, nami ningezichunguza kwa mpangilio huu.

Ya kwanza, Awamu ya 2 ya P25. Mfumo wa Awamu ya 2 hupitisha maongezi mawili kwenye chaneli moja ya 12.5 kHz kwa kupokezana vipande vya muda, lakini chaneli yake ya udhibiti hubaki ya Awamu ya 1. Skana au redio inayojua Awamu ya 1 pekee itasoma udhibiti bila shida, halafu maongezi yenyewe isiyaambulie. Baadhi ya mitambo hushusha kundi hadi Awamu ya 1 ikiona redio ya zamani imeingia, lakini hapo maongezi moja yanakula chaneli nzima, na msimamizi hatafurahi. Fungua taarifa za redio zako uone kama Awamu ya 2 imelipiwa. Kwa kampuni nyingi tranki, Awamu ya 2 na usimbaji (kufunga sauti ili asiye na ufunguo asiielewe) huuzwa kila kimoja na leseni yake, hata kama vifaa vya ndani ni vilevile.

Ya pili, usimbaji. AES ya biti 256 iko kwenye kiwango, hivyo redio za kampuni mbili tofauti zinaelewana. Usimbaji wa biti 40 unaowekwa na kampuni kwa bei nafuu hauko kwenye kiwango. Usitarajie redio zako ziwe nao. Hata kwenye AES, kutoa ufunguo peke yake hakutoshi. Vinatakiwa kulingana vitu vitatu: ufunguo wenyewe, namba ya utambulisho wa ufunguo, na aina ya usimbaji. Ufunguo ukiwa sahihi na utambulisho wake ukiwa tofauti, redio haitafungua sauti. Tena programu moja huita nafasi ya ufunguo SLN, nyingine CKR. Ni kitu kimoja, usibabaike.

Ya tatu, minara kadhaa kurusha masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Ukisimama mahali mawimbi ya minara miwili yanafika kwa nguvu karibu sawa, skana nyingi huchanganyikiwa, wakati redio nzuri inasikia safi. Kwa hiyo usihukumu kundi kwa skana peke yake. Sogea mita chache, jaribu tena.

Ambavyo mara nyingi havivuki mpaka wa kampuni ni vingi, na wakubwa waambiwe mapema: ujumbe mfupi, kutuma mahali redio ilipo, kubadilisha mipangilio ya redio kwa njia ya hewa. Ukubali kwamba sauti ya kundi, namba ya mpigaji na kitufe cha dharura ndivyo utakavyopigania. Kitufe cha dharura nisingekiacha kwa kubahatisha. Programu nyingi hukuuliza kiende kundi gani. Ukikiacha kwenye kundi la nyumbani huku muuguzi yuko kwenye mfumo wa zimamoto, anaweza kubonyeza na asimfikie mtu. Kijaribu ukiwa na mhudumu wa redio wa zimamoto kwenye simu, akuambie ameona namba ipi kwenye skrini yake.

Majaribio yafanye kwa redio moja na kundi moja, chini ya mnara mmoja. Angalia usajili, kisha kuingia kwenye kundi, kisha maongezi, kisha nenda kwa gari hadi mnara wa pili uone kama inahama yenyewe. Baada ya hapo tayarisha redio tatu, zikae zamu nzima mikononi mwa watu. Zile 40 mwisho kabisa.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu TETRA na DMR, viwango vingine vya redio za kidijitali. TETRA ni kiwango cha wazi cha ETSI, shirika la viwango la Ulaya, na mantiki ni ileile, ila utambulisho ni namba ya nchi, ya mtandao na ya redio, na mitandao mingi hudai ufunguo wa uthibitishaji wa kila redio utoke kwa mtengenezaji hadi kwa mwendeshaji kabla redio haijagusa mnara. Chunga herufi ISSI: kwenye TETRA ni namba ya redio, kwenye P25 ni kiungo kati ya mfumo na mfumo. DMR Tier III nayo ni ya wazi, lakini mifumo kama Capacity Plus ya Motorola au XPT ya Hytera hutumia redio za DMR kwa lugha ya tranki ya kampuni yenyewe, na kuingiza redio ngeni humo ni kujichosha. Pale lugha zinapotofautiana, hakuna programu itakayoziunganisha. Mtaunganisha mitambo kwa mitambo, au mtaweka chaneli moja ya kawaida isiyo ya tranki kwenye redio zote.

Kwako wewe, barua ya kuomba namba 40 ndiyo kazi ya kesho asubuhi. Ukishapata hata moja, jaribu, na uniandikie kioo cha redio kinaonyesha neno gani pale inapokataliwa.