Swali la msomaji: Nitatokaje kwenye funguo hadi kwenye kamati ya uwekezaji?

Shikamoo mama. Nina miaka 29, na kwa miaka mitano sasa nasimamia majengo ya kupangisha: nakusanya kodi, nafukuzana na mafundi, nasikiliza malalamiko ya lifti. Natamani siku moja niwe mkurugenzi wa uwekezaji katika mfuko wa majengo, ule unaonunua majengo kwa pesa za wawekezaji. Wenzangu wanasema bila shahada ya pili ya biashara nisijisumbue. Nifanyeje?
— Mshika Funguo

Marahaba, mwanangu. Shahada haidhuru, ila si yenyewe itakayokufikisha. Nimekaa kwenye kamati ya uwekezaji, ile inayoamua jengo gani linunuliwe, miaka 11, na mara nyingi swali lililowatoa jasho wachambuzi wetu lilitoka kwa mtu aliyewahi kumdai kodi mpangaji mkaidi. Marehemu Sam Zell, tajiri wa majengo wa Marekani, alianza kwa kusimamia nyumba za wanafunzi wenzake akiwa bado Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2007 kampuni yake ya majengo ya ofisi, Equity Office, iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Blackstone kwa takriban dola bilioni 39, madeni yakiwemo. (Sheria alisomea, kwa hiyo usiseme nimekukataza kusoma.)

Unachopungukiwa ni hesabu. Chukua jengo linalobakiza 800,000 kwa mwaka baada ya matumizi yote. Wanunuzi wakiridhika na pato la asilimia 8 ya bei kwa mwaka, thamani yake ni milioni 10. Riba ikipanda wakadai asilimia 10, ni milioni 8. Hakuna tofali lililoanguka, hakuna mpangaji aliyehama. Kama ulinunua kwa mkopo wa milioni 7, ile milioni 3 uliyotoa mfukoni imebaki milioni 1. Rudia hesabu hiyo mpaka uifanye bila kikokotoo.

Halafu mikataba ya pango. Jengo la kwanza nililochambua lilikuwa na ghorofa saba, na mpangaji mmoja alishika nne. Mkataba wake ulisema miaka kumi, nami nikajaza kumi kwenye jedwali. Ukurasa wa 31 ulimruhusu kuondoka mwisho wa mwaka wa tatu kwa notisi ya miezi sita. Sikuufikia. Yeye aliufikia. Bosi wangu hakunifokea. Jengo lililofuata alinibwagia mezani mikataba yote pamoja na kalamu nyekundu, akaenda zake. Hadi leo nasoma mkataba kuanzia nyuma.

Kwa hiyo usirukie moja kwa moja idara ya kununua majengo. Omba kwanza kuhamia kitengo kinachosimamia majengo kwa niaba ya wawekezaji, kinachopanga bajeti, ukarabati na wakati wa kuuza. Huko ujuzi wako wa funguo una bei. Ununuzi utafuata, na ukurugenzi baadaye sana, nao si kukata utepe: siku zangu nyingi zilipita nikiwaeleza wenye pesa kwa nini ghorofa fulani iko tupu, au nikikataa majengo mazuri yenye bei mbaya.

Wiki hii orodhesha wapangaji wa jengo unalosimamia sasa: kila mmoja analipa kiasi gani, mkataba wake unakwisha lini, na anaweza kuuvunja lini. Ukiona mikataba inayoleta nusu ya kodi inakwisha mwaka uleule mmoja, mpelekee bosi wako karatasi hiyo kabla hajakuuliza.