Kuinua Bodi ya Gari la Zamani Ukiwa Peke Yako: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina sedani ya Kimarekani ya miaka ya 1950, injini iko mbele, bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesi. Nataka chesi ipigwe mchanga na kupakwa rangi upya, lakini sina msaidizi. Je, mtu mmoja anaweza kweli kuitoa bodi?

JIBU: Anaweza, tena bila misuli ya ajabu, mradi asijaribu kuinua bodi nzima kwa mkupuo. Unapandisha ncha moja sentimita mbili au tatu, unaiwekea mbao, unahamia ncha nyingine. Jeki kazi yake ni kupandisha. Kubeba ni kazi ya mbao. Bodi isiachwe juu ya jeki hata kwa muda wa kwenda kunywa maji, kwa sababu jeki ya mafuta huvuja taratibu bila kukuaga. Bodi ikishafika juu haiendi popote. Chesi ndiyo inayosukumwa itoke chini yake.

Andaa jeki ya kitoroli ya tani 2, jeki ya chupa, na boriti mbili za mbao ngumu zenye kimo cha sentimita 15, upana wa 10 na urefu wa mita 3.6. Bomba la chuma la mraba la milimita 75, unene wa milimita 4, linafaa pia. La milimita 50 lenye unene wa 3 usilitumie: kwa urefu huo hupinda kama upinde. Kisha mbao za sentimita 10 kwa 10, urefu wa sentimita 60, za kupanga marundo manne, mbili mbili kwa kupishanisha kila tabaka. Matofali ya saruji yenye matundu yasikanyage hapo. Hupasuka ghafla chini ya mzigo wa ncha na hayatoi onyo.

Sasa swali ambalo wengi hawalifikirii hadi chesi ikwame katikati: bodi ipande kiasi gani? Boriti zinalala chini ya bodi na kukatisha njia ya chesi, kwa hiyo kila kitu kitakachopita lazima kiwe na kimo kidogo kuliko uwazi ulio chini ya boriti. Injini ikiwa mbele, itoe chesi kwa mbele. Injini itatangulia bila kupita chini ya chochote, na hutahitaji kuinyofoa. Vitakavyopita chini ya boriti ya mbele ni giaboksi, propela, difu, mgongo wa chesi pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, na magurudumu ya nyuma. Tairi la gari la aina hiyo lina kimo cha karibu sentimita 70, hivyo ukiliacha unahitaji tabaka 8 kwa kila rundo, yaani mbao 64. Ukivua magurudumu ya nyuma na kuikalisha ekseli juu ya kigari kifupi chenye magurudumu madogo, chesi yote hushuka nyuma. Mara nyingi tabaka 6, mbao 48, zinatosha. Pima sehemu ya juu kabisa ya vitu vyote vitakavyopita, ongeza sentimita 5, hicho ndicho kimo cha marundo yako. Pima pia upana kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi ukingo wa nje wa tairi la pili, na kati ya marundo uache nafasi ya sentimita 15 kila upande.

Vua boneti, madigadi ya mbele, bampa, rejeta na fremu yake, viti, vioo na mfuniko wa buti. Milango ibaki kwanza, tutaeleza sababu hapa chini. Sakafu iwe ngumu na sawa, na chesi iwekewe vigingi mbele na nyuma ya magurudumu.

Mwanzoni boriti haipiti, kwa kuwa bodi imelala karibu kabisa na chesi. Tumia jeki ya chupa na kipande cha mbao cha sentimita 30 chini ya kizingiti cha mlango, karibu na nguzo, si chini ya bati tupu la sakafu. Pandisha sentimita 2 kila kona, kisha simama. Chukua tochi uzunguke gari lote ukitafuta kilichosahaulika. Ukihisi mkono wa jeki umekuwa mzito ghafla, kuna bolti au waya bado umeshika, usiongeze nguvu.

Nafasi ikitosha, pitisha boriti ya mbele chini ya ukuta unaotenganisha injini na kabini, na ya nyuma chini ya sakafu ya buti, nyuma ya ekseli, zote mbili karibu na sehemu bodi ilipokuwa imefungwa kwenye chesi. Zisimamishe kwa kimo cha sentimita 15 na uzifunge kwenye bodi kwa mikanda ya kufungia mizigo, maana boriti iliyosimama kwa ubavu mwembamba hupenda kulala. Kuanzia hapo jeki inakaa kwenye ncha ya boriti, nje ya rundo. Kushoto sentimita 2.5, ubao mwembamba, kulia sentimita 2.5, ubao mwembamba. Kona isiizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, la sivyo unaikunja bodi kama kitambaa. Na mbele isiizidi nyuma kwa zaidi ya 10, la sivyo bodi itaanza kuteleza juu ya boriti.

Jeki ya kitoroli inahitaji kusogea kidogo kadiri inavyopanda, ndiyo maana haifai kuwekwa juu ya rundo la mbao. Ikifika mwisho wa kimo chake, hamia jeki ya chupa juu ya jukwaa la mbao lililojaa, lisilo na tundu katikati. Usiingize kichwa wala mkono kati ya bodi na chesi wakati jeki inafanya kazi. Na kwa kuwa uko peke yako, simu ikae mfukoni, si juu ya meza, na mtu ajue utakuwa umemaliza saa ngapi.

SWALI: Ni vitu gani husahaulika zaidi wakati wa kutenganisha?

JIBU: Waya wa ethi kati ya injini na bodi ndio kinara. Unafuatwa na kebo ya spidomita, kebo ya breki ya mkono, shingo ya kujazia mafuta, hosi za hita, hosi ya upepo inayoendesha waipa, na kebo ya choki. Pedali hutegemea gari: kwenye magari mengi ya zamani pedali na silinda kuu ya breki zimefungwa kwenye chesi chini ya sakafu, hivyo zinabaki, kwenye mengine zimefungwa ukutani mwa kabini, na hapo paipu lazima ifunguliwe na kuzibwa mdomo.

Steringi inahitaji uangalifu wa pekee. Magari mengi ya enzi hizo yana shafti moja ndefu isiyo na kiungo, kutoka boksi la steringi hadi usukani. Ukiiacha, bodi itabidi ipande hadi ivuke ncha ya shafti hiyo. Fungua boksi kwenye chesi ulitoe pamoja na shafti yake kabla ya kuanza. Betri nayo itolewe mwanzo kabisa, waya wa ethi ukitangulia.

SWALI: Gari langu ni la kukunja paa, na vizingiti vimeoza. Nikate vizingiti kwanza au nitoe bodi kwanza?

JIBU: Tafadhali usikate wala usiinue kabla ya kusoma hapa. Bodi isiyo na paa hutegemea vizingiti na chesi kwa ugumu wake wote. Ukiondoa chesi wakati vizingiti vimeoza, bodi inajikunja katikati, nguzo za milango zinakaribiana kwa juu, na baada ya hapo hakuna mlango utakaofunga vizuri tena. Ushauri wetu ni kutengeneza vizingiti bodi ikiwa bado imefungwa kwenye chesi, kwa sababu chesi ndiyo kipimo chako. Chomelea upande mmoja hadi uishe, ndipo ugeukie wa pili.

Vyuma vya kukaza bodi vinafungwa kabla ya kukata chochote, milango ikiwa mahali pake na nafasi zake ziko sawa. Hii ndiyo sababu tunasema milango ibaki kwanza. Tumia bomba la mraba la milimita 25, unene wa milimita 2. Chuma kimoja kiende kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila upande. Kingine kikatishe gari kutoka nguzo ya kitasa ya kushoto hadi ya kulia, na viwili vifanye msalaba ndani ya kabini. Viweke kwa ndani kiasi kwamba mlango bado unaweza kufungwa na kufunguliwa, vinginevyo hutaweza kukagua kazi yako. Asiyetaka kuchomelea kwenye nguzo nzima anaweza kutumia matundu ya bolti ya mikanda ya viti au ya bawaba za ndani.

Pima uwazi wa kila mlango kwa mshazari, mara mbili, uandike kwa kalamu isiyofutika kwenye chuma chenyewe. Baada ya hapo ndipo uvue milango. Ukipima tena bodi ikiwa juu ya marundo, tofauti ya milimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi hapo, moja ya marundo haliko sawa na lingine. Sahihisha kwa vibao vyembamba kabla ya kuisukuma chesi.

SWALI: Bolti ya bodi inazunguka lakini haitoki.

JIBU: Nati iliyo ndani ya kikombe chake cha bati imevunja kikombe na inazunguka nayo. Kuendelea na spana hakusaidii. Kata kichwa cha bolti kwa grenda kama unakifikia kutoka chini. Kama hukifikii, pasua kijidirisha cha sentimita 5 kwenye sakafu juu ya nati, pande tatu tu, ukikunje, ushike nati kwa koleo ya kukaza, kisha baadaye ukirudishe na kukichomelea. Kwa bolti ambazo bado hazijazunguka, mafuta ya kupenya kwa siku tatu hadi nne, asubuhi na jioni, huokoa nyingi. Moto wa gesi tumia baada ya tangi la mafuta kuondolewa garini, na kumbuka raba za bodi, zile zinazokaa kati yake na chesi, huwaka.

SWALI: Nina Morris Minor. Utaratibu huu unafaa?

JIBU: Hapana. Morris Minor, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, haina chesi ya kutenganisha. Bodi na chesi ni kitu kimoja. Land Rover ya mwaka huo huo ina chesi yake, na Triumph Herald pia. Volkswagen Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake, kwa hiyo inatenganishwa, na bodi yake ni nyepesi kuliko ya sedani kubwa.

SWALI: Si rahisi zaidi kutumia cheni bloku kwenye boriti ya paa la banda?

JIBU: Rahisi kama boriti hiyo ilijengwa kubeba mzigo wa kuning'inia. Za mabanda mengi zilijengwa kubeba mabati na upepo tu. Hata ikiwa imara, usipitishe mkanda mlangoni na kuukutanisha juu ya paa: unavuta nguzo kwa ndani. Mkanda wenye miguu miwili ukilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila mguu unavutwa kwa uzito sawa na mzigo wote, si nusu yake. Weka chuma cha kutanulia kilicho kipana kuliko bodi, ili mikanda ishuke wima. Bodi inayoning'inia pia huyumba, na mtu mmoja hana mikono ya kuizuia pande mbili. Marundo ya mbao ni ya polepole, ila sisi tungeyachagua.

SWALI: Nimerudisha bodi, raba mpya, bolti zimekazwa, lakini mlango una nafasi pana juu, upande wa kitasa, na chini umebana. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekaza kabla ya kutundika milango. Kiwandani, kati ya raba na chesi kulikuwa na vibati vya kusawazishia, na kila sehemu ilikuwa na idadi yake. Vilipaswa kuhesabiwa na kuandikwa wakati wa kutoa. Legeza bolti zote bila kuzitoa, ongeza kibati cha milimita 3 kwenye maunti (sehemu bodi inapofungwa kwenye chesi) ya chini ya ukuta wa injini upande huo, kisha uangalie tena. Kuinuka kwa sehemu hiyo huilaza nguzo ya bawaba kwa nyuma, na nafasi ya juu hupungua. Kama ingekuwa imebana juu na pana chini, ungeondoa kibati hapo hapo.

Wakati wa kuteremsha bodi, weka vyuma vinne vyenye uzi kama wa bolti, urefu wa sentimita 20, vilivyochongwa ncha, kwenye matundu ya kona za chesi. Bodi itavifuata yenyewe hadi chini. Anzisha kila bolti kwa mkono kabla spana haijagusa hata moja, tundika milango, sawazisha, ndipo ukaze kutoka katikati kuelekea nje. Raba ibanwe, isipondwe. Ikianza kuvimba nje ya washa ya bolti, umepitiliza.