Saa inalia mapigo, mwili unasema sawa: nifuate kipi?

Ndugu, umesema una miaka 40, umehamia Nairobi kutoka Mombasa majuzi tu, na kila ukipita mapigo 135 ya moyo kwa dakika saa inalia, kwa hiyo kwenye msitu wa Karura unaishia kutembea. Tena siku moja ilionyesha 172 ukiwa unaongea vizuri tu. Kwanza zima hiyo kengele.

Hiyo 135 ni 220 ukitoa umri wako, yaani kilele cha mapigo yako kwa makadirio, halafu asilimia 75 ya jibu. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo 10 na zaidi. Kama kilele chako ni 192, asilimia 75 ni 144, na pengine hayo mapigo tisa ndiyo yanayokunyima mbio. Tena umepanda kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo moyo unapiga haraka zaidi kwa spidi ileile ya Mombasa. Ukishazoea, wiki kadhaa hivi, utaona unafuu.

Mimi naongozwa na pumzi. Siku ya mbio nyepesi lazima niweze kumsimulia mwenzangu mechi ya jana bila kukatiza sentensi. Nikianza kujibu "eeh" na "mm" tu, nimezidisha, napunguza. Saa naiangalia nyumbani, ila nikikimbia na vijana naichungulia njiani, maana ukiwa kwenye kundi kila mtu anajiona yuko sawa mpaka wa mwisho aachwe.

Kwenye vilima ndipo namba hazifai kabisa. Ule mpando wa kutoka maporomokoni pale Karura, katikati mapaja yanawaka na saa bado inasema 140. Nikifika juu, mikono kiunoni, ndiyo inapanda hadi 168, wakati kazi imekwisha. Moyo huchelewa kuifikia kazi, na saa nayo huchelewa kuusoma moyo. Mbio za dakika moja moja ni hivyo hivyo.

Halafu hizi saa zenye taa ya kijani mkononi wakati mwingine huhesabu hatua badala ya mapigo. Ile 172 uliyoiona ukiwa unaongea vizuri, mimi siiamini. Ikirudi, simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Mkanda wa kifuani husoma vizuri zaidi, kama mfuko unaruhusu.

Mbio ndefu za Jumapili usishangae mapigo yakipanda taratibu hata kama mwendo ni uleule. Ni joto na maji yanayopotea kwa jasho. Kunywa, endelea, pumzi ikikubali.

Jambo moja hukulitaja: unatumia dawa ya presha? Zile za beta-bloka hushusha mapigo, na hapo fomula ya umri haina kazi tena. Maumivu ya kifua au kizunguzungu je? Hayo mpelekee daktari kabla ya kurudi msituni.