Kabla hujasema mtoto ni mwoga, pima maji

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha watoto kuogelea hapa Dar, nunua kipimajoto kabla ya filimbi. Najua utasema mji wenyewe joto, maji ya baridi yatoke wapi. Hata mimi nilisema hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mtoto wa miaka sita, kwenye bwawa la wazi kule Mbezi Beach, Jumamosi saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai. Wiki tatu alining'ang'ania shingoni. Nikimlaza chali aelee, anakakamaa mwili mzima. Kila baada ya muda mfupi: "Mwalimu, naomba kwenda kukojoa." Nikamwambia mama yake mtoto ana woga, atazoea tu. Siku moja nikamshika mkono kumpandisha ngazi, nikaona kucha zimekuwa za kijivu na kidevu kinatetemeka. Nikaazima kipimajoto cha fundi wa bwawa. Nyuzi 24. Mimi nilikuwa nimeshapiga mizunguko yangu kumi kabla ya somo, damu imechemka, sikusikia kitu. Yule mtoto hakuwa mwoga hata kidogo, na nilichomwambia mama yake kinaniuma mpaka leo.

Mabwawa ya mashindano ya kimataifa huwa kati ya nyuzi 25 na 28, kwa sababu muogeleaji wa mbio hasimami. Mtoto anayejifunza muda mwingi amesimama, anasubiri zamu yake. Mwili wake ni mdogo, ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Kwa wanaoanza, tafuta nyuzi 29 hadi 32. Wachanga wapate 32 hivi.

Baridi ndiyo inayoharibu somo lenyewe. Pumzi inakuwa fupi, kwa hiyo kupuliza mapovu kunamshinda. Misuli inakaza, na aliyekaza misuli haelei vizuri. Haja ndogo nayo inakuja mara kwa mara, ni mwili unavyopokea baridi, kwa hiyo usimkaripie. Usisubiri midomo ya bluu kama wanavyosema vitabuni. Kwa ngozi zetu haionekani upesi. Tazama kucha na ufizi. Tazama aliyejikunyata mikono kifuani, na yule msemaji aliyenyamaza ghafla.

Pima maji kwenye kina cha kifua cha mtoto, siyo juu, maana jua hupasha zaidi maji ya juu. Funga kipimajoto kwa kamba, kiache dakika mbili. Mkono wako uliotoka juani utakudanganya.

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, bwawa la wazi huwa baridi zaidi alfajiri na asubuhi. Wazazi wanapenda saa mbili kwa sababu ya foleni na jua. Waombe wasogeze hadi saa tisa au kumi alasiri. Kama mwenye bwawa anakusikiliza, mwombe turubai la kufunika usiku. Joto jingi hupotea kwa maji kugeuka mvuke. Ikishindikana, maji yakiwa chini ya nyuzi 27, fundisha dakika ishirini tu, wote wakipiga mateke kwa pamoja, pasiwe na foleni ya kusubiri zamu. Khanga kavu ziwe ukingoni, siyo kwenye begi ndani ya gari.

Januari hadi Machi tatizo hugeuka. Bwawa la kina kifupi likipita nyuzi 33, watoto wanachoka na kulegea, na kwa kuwa wamelowa huoni jasho. Wape maji ya kunywa, na mwambie fundi apime klorini mara nyingi zaidi, jua kali huimaliza haraka.

Yule mtoto nilimhamishia saa kumi alasiri. Somo la pili tu aliniachia shingo, akalala chali, masikio majini, akaanza kuhesabu mawingu kwa sauti.